Habari za Merikebu Mendi na Ushahidi wa Wazamiaji

Merikebu iliyoitwa Mendi ilizama alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Februari, 1917, katika mlango wa bahari uliopo baina ya Uingereza na Ufaransa, upande wa kusini wa Kisiwa cha Wight. Watu 646 walikufa, na kati yao 607 walikuwa Waafrika wa Afrika ya Kusini waliokuwa wakipelekwa Ufaransa kufanya kazi za vita. Msiba huo umekwisha kuandikwa mara nyingi. Hata hivyo, habari zake zatokana na mashahidi wa namna tatu ambao hawakusema kwa wakati mmoja wala kwa lugha moja. Wa kwanza ni hati za uchunguzi uliofanywa Uingereza katika mwaka ule ule wa 1917. Wa pili ni masimulizi yaliyopokezanwa kwa kinywa na watu wa Afrika ya Kusini. Wa tatu ni mabaki ya merikebu yenyewe, ambayo yalikaa chini ya bahari miaka 57 kabla ya mzamiaji kuyatambua. Insha hii yakusudia kumsikiliza kila shahidi peke yake, ili ionekane ni swali lipi aweza kulijibu na lipi asiloweza.

Mendi iliundwa Glasgow mwaka 1905. Ilikuwa merikebu ya mvuke ya tani 4,230, urefu wake kama mita 113, mali ya kampuni iliyofanya safari baina ya Uingereza na Afrika ya Magharibi; na jina lake lilitokana na kabila la Wamende wa Sierra Leone. Vita vilipozidi, Serikali ya Uingereza iliikodi kuchukua askari. Tarehe 16 Januari, 1917, ilitweka kutoka Cape Town ikiwa na watu zaidi ya 800 wa kikosi cha tano cha vibarua wa Afrika ya Kusini. Ilipita Lagos, ikatia nanga Plymouth, kisha ikaelekea Le Havre, ikisindikizwa na manowari ndogo, Brisk.

Hali ya vibarua hao yafaa kuelezwa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yaliitegemea. Waafrika wapatao 21,000 wa Afrika ya Kusini walitumika Ufaransa baina ya mwaka 1916 na 1918. Walipakua shehena bandarini, wakakata miti, wakatengeneza barabara na njia za reli. Walikuwa chini ya amri ya kijeshi, wakavaa sare, lakini hawakuruhusiwa kuchukua silaha; na walipofika Ufaransa waliwekwa katika kambi zilizozungushiwa ua ili wasichanganyike na wenyeji. Serikali yao ilihofu kwamba mtu mweusi akipewa bunduki, akapigana na mtu mweupe, atarudi kwao na madai mengine. Basi walikuwa wanajeshi kwa utii na hatari, lakini si kwa heshima.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 ukungu ulitanda baharini. Mendi ilipunguza mwendo, ikawa inapiga honi yake mara kwa mara kama sheria za bahari ziagizavyo. Ilipokaribia saa kumi na moja za alfajiri, merikebu nyingine, Darro, ya tani zaidi ya 11,000, ilitokea ukunguni kwa mwendo wa kasi bila ya kupiga honi, ikaipiga Mendi ubavuni upande wa kulia. Watu walikuwa wamelala katika falka za chini, na wengine walikufa papo hapo au wakafungiwa humo wasipate njia ya kutoka. Waliobaki walipanda juu, wakavaa maboya yao ya kujiokolea, wakangoja amri. Merikebu ililala upande wa kulia, na mashua nyingi hazikuweza kuteremshwa. Haukupita muda wa nusu saa, ikazama.

Katika jambo hili shahidi wa kwanza, yaani hati, ni mwaminifu. Uchunguzi wa mwaka 1917 ulitaka kujua nani aliyekosa, ukajibu bila ya kuficha. Nahodha wa Darro, Henry Stump, alionekana na hatia ya kwenda mbio mno katika ukungu mzito na kutopiga honi. Aidha, ilithibitika kwamba merikebu yake, ijapokuwa iliharibika, ilibaki karibu na mahali pale muda mrefu bila ya kuteremsha mashua, huku watu wakilia majini. Adhabu yake ilikuwa kunyimwa cheti cha unahodha kwa muda wa mwaka mmoja.

Lakini hati zajibu lile tu zililoulizwa. Uchunguzi ulihusu mwendo wa vyombo, taa, honi na wajibu wa manahodha. Haukuwekwa ili kujua watu wale walisema nini walipojua kwamba watakufa. Katika kurasa zake wale 607 ni hesabu tu. Sauti zao hazimo, ila za wachache sana.

Pengo hilo lilizibwa na shahidi wa pili. Masimulizi ya Afrika ya Kusini yasema kwamba juu ya sitaha iliyokuwa ikiinama alisimama mchungaji Isaac Wauchope Dyobha, akainua mikono, akawatuliza wenzake. Aliwaambia kwamba siku ile walikuwa wamekuja kufa. Kwamba wote, wawe Waxhosa, Wazulu, Waswazi, Wapondo au Wasotho, walikuwa ndugu wa Afrika, na wafe kama ndugu. Ndipo, kwa mujibu wa masimulizi, walipovua viatu na kucheza ngoma ya mauti, wakipiga sitaha kwa nyayo zao mpaka maji yakawafunika.

Wauchope hakuwa mtu wa kubuniwa. Alizaliwa mwaka 1852, akasoma Lovedale, na mwaka 1876 alikuwa mmoja wa vijana wanne wa shule hiyo waliofuatana na wamisionari kwenda Ziwa Nyasa, ingawa homa ilimrudisha kwao mapema. Alikuwa mwandishi na mshairi katika magazeti ya Kixhosa, na jina lake limo katika orodha ya waliokufa. Mtu wa namna hii, mzoefu wa kusema mbele ya watu, angeweza kabisa kusema maneno yale. Naye S. E. K. Mqhayi, mshairi mkuu wa Kixhosa, alitunga shairi juu ya kuzama kwa Mendi, na kwa njia hiyo msiba uliingia katika fasihi ya lugha yao.

Hata hivyo, mwanachuoni hana budi kuona kwamba maneno ya Wauchope na ile ngoma havimo katika hati rasmi za mwaka 1917. Vilipochapishwa, miaka mingi ilikuwa imekwisha kupita. Wako walioona ya kuwa jambo hilo latosha kuyatupa masimulizi yote. Lakini hukumu hiyo yapita kiasi. Kutokuwamo katika hati si dalili ya kutotendeka, maana waliotunza hati hawakuuliza. Na waliookoka waliporudi makwao waliwasimulia jamaa zao kwa lugha zao, mbali na mwandishi yeyote wa baraza. Kwa upande mwingine, si halali kuyatoa maneno yale kana kwamba yaliandikwa siku ile neno kwa neno. Simulizi lililopita katika vinywa vingi hulainika mfano wa jiwe la mtoni. Jiwe ni lile lile, lakini pembe zake zimebadilika. Lililo yakini ni kwamba watu wa Afrika ya Kusini walichagua kuukumbuka msiba huu kwa mfano wa umoja na ushujaa, na uchaguzi huo wenyewe ni tukio la historia.

Shahidi wa tatu hakuweza kuhojiwa mpaka watu walipopata njia ya kumfikia. Hapa lugha ya Kiswahili yasaidia kupambanua mambo. Chombo huzama, mtu huzamia. Mzizi ni mmoja, lakini kiambishi cha kutendea chaonyesha kwamba yule wa pili ashuka kwa ajili ya kitu fulani. Kwa muda mrefu aliyezamia katika bahari za Ulaya alivaa kofia ya shaba na viatu vya risasi, akapewa hewa kwa mpira uliotoka katika chombo kilichokuwa juu. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama, nayo ilifanywa na makampuni au na wanamaji wa Serikali, kwa kutafuta mali au kusafisha bandari. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi aliouchukua mgongoni, kwa kadiri ya nguvu ya maji yanayomzunguka. Tangu hapo mtu aliweza kuogelea chini ya bahari bila ya kufungwa na mpira. Mwaka 1953 chama cha wazamiaji wa kujifurahisha kilianzishwa Uingereza, na muda si muda watu wa kawaida wa pwani wakaanza kuyazuru mabaki ya merikebu, ambayo ni mengi mno katika mlango ule kwa sababu ya vita viwili vikuu.

Mendi yakaa katika kina cha mita 40 hivi, sawa na pima 22. Katika kina hicho kanieneo ni mara tano ya ile ya juu, hivyo hewa ya mtungi hwisha mara tano upesi zaidi. Naitrojeni iliyomo katika hewa humlevya mzamiaji, akawa mzito wa kufikiri. Kadhalika huingia katika damu, hata akipanda kwa haraka hutoka kama povu na kumlemaza au kumwua. Kwa hiyo mtu anayetumia hewa ya kawaida aweza kukaa chini kwa muda wa dakika kumi tu au pungufu, la sivyo hana budi kusimama njiani mara kadha wakati wa kupanda. Tena mikondo ya mahali pale ni mikali, na wazamiaji hulazimika kungoja kipindi kifupi baina ya maji kujaa na kupwa, yanapotulia. Mwanga ni hafifu. Rangi nyekundu hupotea kabisa, na bila ya taa kila kitu huonekana kijani au kijivu.

Juu ya hayo ni baridi. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamezoea bahari ambayo joto lake hukaribia digrii 25 hata wakati wa kusi. Katika mlango wa Uingereza, mwezi wa Februari, maji huwa na digrii 8 au 9 tu. Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa kwa zaidi ya mara ishirini, ndiyo maana mzamiaji wa huko huvaa vazi zito lisiloingiza maji na nguo za joto ndani yake. Jambo hili lafasiri ushahidi wa waliookoka kuliko hati yoyote. Walisimulia kwamba wenzao hawakufa maji tu. Wengi walielea na maboya yao, wakaitana gizani, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Mtu aliyeingia katika maji hayo na sare yake hupotewa na nguvu za mikono kwa dakika chache, na baada ya muda kama wa saa moja hupotewa na fahamu. Maboya yaliwazuia kuzama, lakini hayakuweza kuwazuia kufa. Laiti mashua za Darro zingeteremshwa katika dakika zile za kwanza, hesabu ya waliokufa ingalikuwa nyingine.

Mahali pa mabaki palijulikana katika ramani tangu mwaka 1945, maili kumi na moja na kidogo kutoka mnara wa taa wa St Catherine's, lakini chombo chenyewe hakikuwa na jina. Mwaka 1974 mzamiaji mmoja wa Kisiwa cha Wight alikifikia, akaona vyombo vya udongo vya mezani vyenye alama ya kampuni iliyokuwa na Mendi. Yafaa kutia maanani ni kitu gani kilichotoa jina. Hakikuwa kitu cha vibarua, kwani wao hawakuandikiwa majina yao juu ya kitu chochote. Ilikuwa ni sahani za kampuni.

Mwishoni mwa mwaka 2006 idara ya Uingereza ya kuhifadhi mambo ya kale, English Heritage, iliwaagiza wataalamu wa Wessex Archaeology kukusanya habari zote zilizojulikana juu ya chombo hicho. Kazi yao yaonyesha kwamba merikebu imekaa wima juu ya mkuku wake, ingawa ilipozama ililalia ubavu. Sehemu za juu zimebomoka, na matangi makubwa ya kuchemshia maji ya mvuke yamekuwa wazi. Chuma chaliwa na chumvi, na kila mwaka umbo lapungua. Basi chuma chathibitisha mahali, jina na hali ya chombo. Lakini juu ya maneno na ngoma hakina la kusema. Mwenye kutarajia kwamba mzamiaji ataleta hoja ya kuthibitisha au kukanusha masimulizi ya Wauchope aliuliza swali kwa shahidi asiyekuwapo juu ya sitaha.

Liko jambo jingine ambalo mabaki yalilazimisha lijibiwe, nalo ni la heshima. Baada ya kutambuliwa mwaka 1974, Mendi haikuwa na ulinzi wa namna yake kwa muda wa miaka 35. Wazamiaji waliizuru, na baadhi yao walichukua vitu vya kumbukumbu. Mwaka 2009 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliitia Mendi katika sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi. Kwa sheria hiyo mzamiaji aruhusiwa kuangalia, lakini ni kosa kugusa, kuingia au kuondoa kitu.

Umuhimu wa jambo hilo hauonekani ila kwa kukumbuka hali ya vibarua iliyoelezwa hapo juu. Mwezi Machi, 1917, wabunge wa Afrika ya Kusini walisimama kwa heshima ya waliokufa, Waziri Mkuu Louis Botha akiwa ndiye aliyetoa hoja. Lakini vita vilipokwisha, Serikali ya nchi hiyo ilikataa kuwapa Waafrika wa kikosi hicho nishani ya vita ya Uingereza, ambayo wenzao wa Basutoland, Bechuanaland na Swaziland waliipokea. Basi watu walionyimwa alama ya askari katika nchi yao walihesabiwa kuwa maiti wa kijeshi, kwa nguvu ya sheria, miaka 92 baada ya kufa kwao. Afrika ya Kusini yenyewe, baada ya kubadilika kwa utawala mwaka 1994, ilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina la Mendi mwaka 2003, ikaipa manowari moja jina hilo. Na mwaka 2004 manowari hiyo ilisimama juu ya mahali pa mabaki ili kutoa heshima.

Kisa cha kengele chakamilisha habari hii. Kengele ya merikebu ilikuwa imeondolewa chini ya bahari katika miaka ya nyuma, na haikujulikana ilipo. Mwaka 2017, mwaka wa mia tangu msiba, mtu asiyejitaja aliiacha usiku katika gati la Swanage ili mwandishi wa habari wa BBC aichukue, pamoja na barua ya kuomba irudishwe mahali panapostahili. Tarehe 28 Agosti, 2018, Waziri Mkuu wa Uingereza, Theresa May, alimkabidhi Rais Cyril Ramaphosa kengele hiyo mjini Cape Town. Wataalamu wa mambo ya kale watasema, nao wana haki, kwamba kitu kilichoondolewa bila ya kuandikwa mahali kilipokuwa kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Lakini hapana budi kukiri kwamba kitu hicho kilirudi nchini mwa wale waliokuwa wakienda Ufaransa. Wengi wao hawana kaburi. Majina yao yameandikwa katika ukuta wa ukumbusho wa Hollybrook, Southampton; wachache walizikwa Portsmouth, na miili mingine ilichukuliwa na mkondo hata Noordwijk, Uholanzi.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili habari hizi zina fundisho la karibu. Katika vita vile vile, Afrika ya Mashariki, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, katika safari za bara. Wao hawana merikebu iliyozama ambayo mzamiaji aweza kuishukia, wala ukuta ulioandikwa majina yao yote. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawataja kwa Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, lakini haimtaji mtu hata mmoja kwa jina. Kumbukumbu yao iliyo hai ni neno: jina la kikosi chao kwa Kiingereza liligeuzwa na vinywa vya watu kuwa Kariakoo, nalo lingali latajwa kila siku na wanunuzi wa sokoni, wengi wao wasijue lilikotoka. Neno hilo ni mabaki kama sahani za Mendi zilivyo mabaki. Lathibitisha kwamba watu walikuwapo, na mahali walipokaa. Lakini halisemi walikuwa akina nani, wala walisema nini walipokufa. Na kwa hayo hapana shahidi ila wazee waliosimulia, na wale waliowasikiliza wakaandika.

Kwa hiyo hukumu ya haki juu ya Mendi ni kumwacha kila shahidi katika mpaka wake. Hati zatoa kosa na mkosaji. Mabaki yatoa mahali, jina la chombo, na, kwa mtu aliyeyashukia, maarifa ya baridi iliyowaua wale watu. Masimulizi yatoa maana ambayo jamaa zao waliipa mauti ile. Chuma cha Mendi kitakwisha kuliwa na chumvi baada ya miaka, na hakuna sheria iwezayo kulizuia hilo. Masimulizi nayo hupotea, ila njia ya kuyahifadhi yajulikana, na haihitaji mtungi wa hewa.